Meli ya Kale Chini ya Gati Jipya: Sheria Yasemaje?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa kaskazini mwa Malindi. Mwezi uliopita jarife letu lilinasa chini, na kijana aliyepiga mbizi kulinasua akaona mataruma (mbavu za mbao) ya chombo kikubwa yaliyofukiwa mchangani, kisha akapanda na mtungi wa udongo uliomeguka mdomo. Sasa mwekezaji anataka kujenga gati la hoteli papo hapo, na mchanga utachimbwa ili boti zipate kina. Je, mtungi huo ni wetu? Na chombo hicho kina ulinzi wowote?
Msomaji, Kaunti ya Kilifi

JIBU: Ndugu msomaji, mtungi si wenu, wala si wa mwekezaji. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na anayegundua kitu cha namna hiyo chenye maana kwa historia anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokigundua. Siku hizo zimekwisha kupita, kwa hiyo nakusihi usilaze tena habari hii.

Wakati mnangoja maofisa, tafadhali msiuanike mtungi. Udongo uliokaa baharini miaka mingi umeshiba chumvi. Ukikauka, chumvi hiyo huganda ndani ya vitundu vyake na kuupasua, hata ngozi ya juu ikabambuka vipande vipande. Utieni katika ndoo ya maji ya bahari, uzame wote, ukae kivulini, na mtu asiusugue.

Kuhusu chombo chenyewe, hakuna anayeruhusiwa kuchimbua mahali pa kale bila leseni ya Serikali, hata awe mzamiaji hodari namna gani. Msimrudishe kijana wenu chini. Mchanga mnaouona umeficha mataruma ndio unaoyahifadhi, kwa sababu wadudu watoboa mbao hawapati hewa ndani yake. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 Mombasa ilipozingirwa na Waomani, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Vitu vyake vingi vilitolewa, lakini mwili wa mbao wa meli uliachwa chini ukafukiwa tena, maana kuihifadhi mbao iliyolowa karne tatu ni kazi ya miaka na gharama kubwa mno. Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji nao unataka kuacha mabaki mahali yalipo kuwe chaguo la kwanza, na unakataza kuyafanyia biashara.

Gati ndilo linalonitia hofu zaidi, kwani mashine ya kunyonya mchanga humaliza kwa siku moja kilichodumu miaka mia tatu. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, mradi kama huo hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla leseni haijatolewa. Lakini mtaalamu anayeandika tathmini hiyo hawezi kutaja meli asiyoijua. Taarifa yenu ikiwa imeandikwa na kupokelewa Makumbusho, ambatanisheni nakala yake na maoni yenu kwa NEMA, mkiomba sehemu hiyo ipimwe na wanaakiolojia wa baharini, na gati lisogezwe ikibidi. Leseni ikitolewa bila kujali hayo, rufaa hupelekwa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60.

Andikeni leo alama mlizotumia kupajua mahali hapo, mnazi gani ulilingana na mnara gani, kina kilikuwa pima ngapi, na maji yalikuwa yakijaa au yakitoka. Karatasi hiyo wapeni maofisa peke yao. Msiisome bandarini, wasije wasaka vitu vya kuuza wakawatangulia.