Mkuu, usilipie lenzi ya 85 kabla hujapima chumba

Mkuu, rudisha hiyo pesa mfukoni kwanza. Una kamera ya Sony a6400, studio yako ni fremu ya duka Mbagala yenye mita nne toka ukutani hadi mlangoni, halafu unauliza uchukue lenzi ya 85mm f/1.8, 56mm f/1.4 ya Sigma au 50mm f/1.8 (hiyo f ni tundu la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na ipi inafaa video. Wachangiaji wote hapo juu wanakuimbia 85 ni mfalme wa potreti, yaani picha za watu. Mfalme wa nani? Hao wengi kamera zao zina sensa kubwa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na wanapigia picha Coco Beach, ambako ukitaka kurudi nyuma unarudi mpaka maji yakuloweshe viatu.

Mimi hiyo 85 niliinunua. Muuzaji aliniapia kwamba 85 ni 85, ifunge kwenye kamera yoyote. Na mjanja yule hakudanganya: milimita za lenzi hazibadiliki. Alichokinyamazia ni kwamba sensa ndogo ya APS-C, kama hii ya a6400, inachukua kipande cha katikati tu, kwa hiyo unaona kama mtu aliyefunga 127 kwenye sensa kubwa. Wala asiseme hakujua, a6400 nilikuwa nimeivaa shingoni. Duka lile sikanyagi tena, hata nikiishiwa betri.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaifanya. Ukishika kamera wima, upande mrefu wa sensa yako ni milimita 23.5. Mtu mzima aliyesimama, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, tuseme mita 2. Chukua 85, zidisha kwa 2, gawanya kwa 23.5: mita 7 na ushee. Kwa 56 unapata karibu mita 5, kwa 35 mita 3. Wewe una 4, na hapo hujamsogeza mteja mbele ya kitambaa cha ukutani ili kivuli kisiangukie nyuma yake, wala hujajiwekea pa kusimama. Uso na mabega 85 inakutosha, sikatai, na ule ukungu wake wa nyuma ni mtamu. Lakini mteja aliyeshona gauni la sendofu anataka lionekane mpaka kiatu!

Nimepandisha picha mbili. Ya kwanza ni shangazi wa bibi harusi, sebuleni kwao, 85 kwa f/1.8. Kope unazihesabu, hereni ya upande wa pili imeyeyuka. Nzuri, eh? Sasa tazama huo mstari mweusi ukingoni kushoto. Ni mlango. Nilikuwa koridoni, nimebanana na masufuria ya pilau, na kila anayepita na sinia ananiambia "kaka, samahani". Picha ya familia nzima niliipiga kwa lenzi ya 16-50 iliyokuja na kamera, ileile niliyoiita takataka humuhumu jukwaani. Msifukue.

Ya pili ni 56 kwa f/1.4, mama na mwanawe. Mama kaonekana vizuri, kijana kaingia ukungu kwa sababu alisimama hatua moja nyuma. Watu wawili, funga tundu mpaka f/4 hivi.

Nisikilize kwa hili moja tu: umbali kwanza, lenzi baadaye. Hiyo 16-50 ivute mpaka mwisho, 50, usiiguse tena, fanya nayo kazi za wiki nzima. 50 na 56 ni majirani. Ukiona mgongo unagonga mlango, hata 56 ni ndefu kwako, tafuta 35. Kuijaribu 85, azima lenzi ya 55-210 ya mtu, iweke kwenye 85 usimame nayo humo ndani. Ukungu hutaupata, ila umbali ni uleule, na ni bure.

Ya video wakujibu watu wa video. Hizo mita nne lakini, ulipima kwa tepu au kwa hatua?