Ukikuta mtoto wa paa msituni, mwache alipo

Huku kwetu Gede, Malindi, akina mama wakirudi na kuni kutoka Arabuko-Sokoke, mara nyingi husimulia habari ileile: "Tumekuta kitoto cha paa, maskini, kimeachwa na mamake." Mimi nimekulia kando ya msitu huu. Jamani, hakijaachwa. Kimefichwa.

Paa na pongo hawazunguki na watoto wachanga. Mama humlaza mwanawe kichakani, akaenda kula peke yake, kisha hurudi kwa muda mfupi kumnyonyesha na kumlamba. Pongo hata kinyesi cha mwanawe hukila, harufu isije ikaita adui. Mtoto naye hatikisiki. Mmoja niliyemwona alikuwa amejibanza kwenye majani makavu, masikio ameyalaza nyuma, nzi anamtembelea kwenye kope, na hakupepesa. Ukimkuta hivyo utadhani ni mgonjwa. Si mgonjwa, hiyo ndiyo kinga yake. Hata kulungu wakubwa waitwao elk, wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, huficha ndama wao wenye madoadoa vivyo hivyo, na wageni wa kule wanatakiwa kukaa angalau mita 23 mbali na kulungu hao.

Kwa hiyo usimguse wala usimpige picha kwa karibu. Rudi kimyakimya ulikotoka. Usijifiche pembeni kumsubiri mama, maana akikunusa hatakuja. Mbwa wako mfunge nyumbani, hilo nasisitiza.

Jirani mmoja alimbeba wake kwa huruma, watoto wakamnywesha maziwa ya ng'ombe. Akaharisha mpaka akafa. Inaniuma hadi leo, kwa sababu paa huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, na msituni humu yumo paa nunga, ambaye duniani kote amebaki hapa, Boni na Dodori kule Lamu, na Zanzibar. Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali.

Ila ukimkuta mama amekufa kwenye mtego wa waya, au mtoto ana jeraha, hapo usinyamaze. Funga kitambaa kwenye tawi la karibu, shika njia uliyopitia vizuri kichwani, uwaite askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Waya usiuguse, wauone wenyewe ulipotegwa.