Jibu: Kuangalia ndege Ghana bila mwongozaji?

Ndugu, umeuliza kama darubini na kitabu cha ndege vinatosha Ghana. Msituni, hapana. Kule Kakum, hifadhi ya msitu, ndege wengi wako juu vileleni mwa miti, na mwongozaji mzuri huwatambua kwa sauti kabla hujainua darubini. Ombeni kupanda madaraja ya kamba yaliyoning'inia kati ya miti alfajiri, kabla watalii wengine hawajafika.

Usikose kijiji cha Bonkro! Ndiko aliko ndege aitwaye Picathartes, mwenye kichwa cha njano kisicho na manyoya, anayejenga kiota cha udongo kwenye mwamba. Hadi 2003 alidhaniwa ametoweka Ghana. Jioni mnakaa kimya mkisubiri arudi kulala. Mimi ningetenga siku nzima kwa ajili yake tu.

Savana ya hifadhi ya Mole ni wazi, kuona ni rahisi. Ila ukitembea kwa miguu lazima uwe na askari wa hifadhi, tembo wapo.