Maswali ya Wasomaji: Aliye Mbele Kwenye Skrini Bado Ana Deni

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa mbio za magari ya langalanga, kwa kuwa barua nyingi tulizopokea kutoka Kigoma na Tabora zinauliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali. Wasomaji wanataka kujua kwa nini dereva anayeongoza hukubali kuingia piti, yaani upande wa mafundi ulio kando ya barabara ya mashindano, akaipoteza nafasi yake, na bado wachambuzi wakasema kwamba timu yake imefanya vyema.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na wenzangu tulitazama marudio ya mbio za Hungaria za mwaka 2019. Lewis Hamilton alikuwa amemkaribia kabisa Max Verstappen, kisha timu ya Mercedes ikamwita abadilishe matairi kwa mara ya pili, akatoka akiwa nyuma kwa sekunde zipatazo 20. Ukumbi mzima ulicheka. Mwishoni akashinda yeye. Je, timu ilijua ilichokuwa ikifanya au ilibahatisha?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, haikubahatisha, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika kwamba hesabu ingetimia. Ili kuielewa hesabu yenyewe, chukulia kwamba kila dereva huanza mbio akiwa na deni. Barabara ikiwa kavu, kanuni humtaka atumie angalau aina mbili tofauti za matairi, kwa hiyo ni lazima asimame walau mara moja, isipokuwa mbio zikisimamishwa kwa bendera nyekundu, ambapo timu huruhusiwa kubadilisha matairi wakati magari yamesimama. Katika uwanja wa Hungaroring deni hilo ni takriban sekunde 20. Sekunde mbili tu au zaidi kidogo ndizo za kufungua na kufunga magurudumu; zilizobaki hupotea kwa sababu gari hupita piti kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, huku wenzake wakiendelea kukimbia kwa kasi ya mashindano.

Siku ile, katika mbio za mizunguko 70, Verstappen alianza mbele kabisa kwa mara ya kwanza tangu aingie langalanga. Alibadilisha matairi katika mzunguko wa 25 akafungiwa matairi magumu, yaani yanayodumu zaidi lakini yenye kasi ndogo kuliko ya kati na laini, na Hamilton akafanya vivyo hivyo katika mzunguko wa 31. Hamilton alikuwa na matairi mapya kidogo kuliko ya mwenzake, lakini barabara ya Hungaroring ni nyembamba na yenye kona nyingi, na alipojaribu kumpita kwa upande wa nje alijikuta ametoka nje ya barabara. Kuendelea kumfuata kulimaanisha kukubali nafasi ya pili. Hapo ndipo Mercedes walipotazama nyuma badala ya mbele, wakaona kwamba magari ya Ferrari yaliyofuata yako mbali kiasi kwamba Hamilton angeweza kusimama, akabadilisha na kurudi akiwa bado wa pili. Kwa maneno mengine, kusimama kule hakukumgharimu nafasi hata moja. Walimwita katika mzunguko wa 48, wakampa matairi ya kati, na ikabaki mizunguko 22 ya kufidia sekunde zipatazo 20, ambayo ni takriban sekunde moja kwa kila mzunguko.

Wengi huuliza kwa nini Red Bull hawakumwita Verstappen papo hapo. Kama angeingia mzunguko uliofuata, angetoka akiwa nyuma ya Hamilton, kwa kuwa mwenzake angekuwa amekwisha kulipa deni lake na kukimbia mzunguko mzima kwa matairi mapya, na pengo lililokuwapo kati yao kabla ya hapo lilikuwa dogo mno kuweza kumkinga. Kwa hiyo walibaki kuomba matairi magumu yastahimili. Hayakustahimili. Hamilton alimpita katika mzunguko wa 67, na Verstappen, asiyekuwa na mtu karibu nyuma yake, akaingia piti kuchukua matairi laini na kutafuta pointi moja iliyokuwa ikitolewa wakati huo kwa mzunguko wa kasi kuliko yote, akaipata. Ndiyo sababu matokeo yanaonyesha pengo la zaidi ya sekunde 17 kati yao. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni muda wa kusimama kule kwa mwisho, wala si tofauti ya uwezo wa madereva. Sifa za siku ile zilimwendea Hamilton, nami sina ugomvi na hilo, lakini binafsi ninamsifu zaidi yule aliyekuwa na utulivu wa kutazama pengo la mtu wa tatu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Mwaka 2024 nilimwona George Russell akivuka mstari wa kwanza kule Ubelgiji, nikawatangazia wenzangu bwenini. Kesho yake nikaambiwa mshindi ni Hamilton. Imekuwaje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichokiona ni kweli, na ulichoambiwa pia ni kweli. Katika mbio hizo za mizunguko 44, zilizofanyika Spa-Francorchamps tarehe 28 Julai 2024, Russell alibadilisha matairi mara moja tu, katika mzunguko wa 10, na akakimbia mizunguko 34 iliyobaki kwa matairi yaleyale magumu, ilhali Hamilton alisimama mara mbili. Alivuka mstari akiwa mbele ya Hamilton kwa takriban nusu sekunde. Baada ya mbio gari lake lilipimwa likaonekana lina kilo 798, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichoruhusiwa. Kanuni, hata hivyo, inataka uzito huo upatikane bila mafuta. Walipoyatoa mafuta yaliyobaki na kulipima upya, mizani ilisoma kilo 796.5. Kilo moja na nusu ilimwengua, Hamilton akapewa ushindi, Oscar Piastri akawa wa pili na Charles Leclerc wa tatu.

Jambo linalovutia ni kwamba mkakati wenyewe huenda ulichangia kosa hilo. Tairi linapolika hupoteza mpira, na mpira una uzito. Matairi manne yaliyokimbia mizunguko 34 katika barabara ya kilomita saba hayawezi kuwa na uzito yaliokuwa nao yalipofungwa. Katika viwanja vingine madereva humaliza kwa mzunguko wa taratibu, nao huyapitisha matairi kwa makusudi juu ya mabaki ya mpira yaliyotapakaa kando ya barabara ili yajishikize na kurudisha uzito kidogo, lakini Spa magari hayazunguki tena uwanja mzima baada ya mbio. Timu ilikiri kosa lake na haikutafuta visingizio. Siku nyingine ukitangaza matokeo bwenini, subiri kwanza wapimaji wamalize kazi.

SWALI: Kwa nini hawajazi mafuta wakati wa kubadilisha matairi?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2010. Tangu hapo gari huanza likiwa na mafuta yote litakayoyahitaji.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni fundi wa matairi, na lori moja hunichukua asubuhi nzima. Nimesikia wenzetu hao hubadilisha matairi manne kwa sekunde mbili. Ni kweli, au ni picha zimeharakishwa?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ni kweli, fundi, na rekodi ni chini ya hapo: timu ya McLaren ilitumia sekunde 1.80 kwenye gari la Lando Norris kule Qatar mwaka 2023. Siri ya kwanza utaithamini wewe kuliko msomaji mwingine yeyote: gurudumu hushikwa na nati moja tu iliyo katikati. Siri ya pili ni watu. Kila gurudumu lina watu watatu, mmoja ameshika mashine ya upepo ya kufungulia nati, wa pili anatoa tairi lililochakaa, wa tatu anaingiza jipya, na hao peke yao ni 12. Ongeza wa jeki ya mbele, wa jeki ya nyuma, na wanaolishika gari ubavuni lisitikisike. Dereva naye ana kazi yake, kwa sababu akisimama hata kidogo nje ya alama, wote hulazimika kusogea na zana zao, na muda huwa umekwisha kupotea.

Nati hiyo moja ndiyo faraja yao na ndiyo hofu yao. Monaco, mwezi Mei 2021, Valtteri Bottas aliingia piti akiwa wa pili. Mashine ya gurudumu la mbele la kulia haikukaa sawasawa juu ya nati, ikazunguka huku ikizikwangua kingo zake mpaka pakawa hapana tena pa kushika. Unajua vizuri nati iliyoliwa kingo inavyosumbua. Mbio za Bottas ziliishia palepale, na gurudumu lile halikutoka mpaka gari liliporudishwa karakana ya timu huko Brackley, Uingereza, siku ya Jumanne, wakati mbio zilikuwa za Jumapili.

SWALI: Ubingwa wa 2021 kule Abu Dhabi uliamuliwa na matairi au na waamuzi?
Msomaji, Urambo

JIBU: Na vyote viwili, lakini kwa kuwa ya waamuzi yamesemwa sana, nitajibu la matairi. Hamilton na Verstappen walifika wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Hamilton alikuwa akiongoza kwa matairi magumu aliyofungiwa katika mzunguko wa 14, na mbio zilikuwa za mizunguko 58. Katika mzunguko wa 53 Nicholas Latifi aligonga ukuta na gari la usalama likatoka. Wakati huo magari yote hukimbia polepole, kwa hiyo deni la kuingia piti hupungua sana. Verstappen, ambaye hakuwa na mpinzani wa karibu nyuma yake, alilipa bei hiyo ndogo akachukua matairi laini. Hamilton hakuweza kumwiga: kama angeingia yeye, Verstappen angebaki barabarani na kuchukua uongozi, na endapo mbio zingeishia nyuma ya gari la usalama, ubingwa ungekuwa umekwenda bila kupigwa hata kona moja. Kwa taarifa walizokuwa nazo Mercedes katika sekunde zile chache, mimi pia ningemwacha nje. Mbio zilifunguliwa tena ukiwa umebaki mzunguko mmoja, na matairi magumu yenye umri wa mizunguko zaidi ya 40 hayakuwa na la kuyafanya mbele ya matairi laini mapya. Verstappen alimaliza msimu akiwa na pointi 395.5, Hamilton 387.5.