Bei imepanda, lakini kampuni je?

Ndugu, umeuliza kama mageuzi ya soko la hisa la Tokyo yameifanya kampuni uliyonunua iwe bora kweli, au ni bei tu imepanda. Usichanganye hayo mawili.

Machi 2023 soko hilo lilizitaka kampuni za madaraja ya Prime na Standard (mawili ya juu sokoni humo) zieleze zitakavyoinua thamani yake, hasa zile ambazo bei ya hisa iko chini ya thamani ya vitabuni, yaani mali ya kampuni ukitoa madeni. Nyingi zilikuwa zimekalia fedha taslimu. Zikaona aibu (na aibu wakati mwingine inauma kuliko faini), zikaanza kuongeza gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) na kununua tena hisa zake.

Mtego uko hapo. Kampuni yenye faida ya yeni milioni 100 na hisa milioni moja inapata yeni 100 kwa kila hisa. Ikinunua hisa laki moja na kuzifuta, faida ileile inakuwa yeni 111 kwa hisa. Hakuna hata mteja mmoja aliyeongezeka!

Fungua hesabu za miaka mitano, uanze na mauzo na fedha zinazotokana na biashara yenyewe. Kisha angalia mitambo na utafiti: kama matumizi hayo yanashuka huku gawio likipanda, mimi ningeuza kiasi.