Yesu aliketi, Simoni akavuta

Mmeuliza wiki hii: "Kwenye kiti cha enzi cha moyo wako amekaa nani, Mungu au nafsi yako?" Ni ile picha ya vijitabu vya uinjilisti: duara, kiti katikati, nafsi ishuke Kristo apande. Hapo napingana nanyi. Mimi nauliza: akishapanda, mikono yako inafanya nini?

Luka 5 isomewe Kibirizi, pwani ya Ziwa Tanganyika huko Kigoma, kwa watu wa dagaa. Huku taa huwashwa giza likishaingia, dagaa wakasubiriwa wakusanyike, wavu ukashushwa chini yao, taa zikapunguzwa wapate kubanana, ndipo ukainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu. Vyombo vinalala pwani, watu wanashona nyavu. Habari ya kwenda mchana na taa hata haizungumzwi.

Galilaya hakukuwa na karabai, ila usiku ndio uliokuwa wa kazi, maana nyavu zilikuwa za kitani na mchana samaki anauona uzi. Simoni, mvuvi wa Luka 5, amekesha bure. Ameshuka, anaosha nyavu. Kuosha si usafi tu: ute na uchafu vikibaki kwenye kitani, uzi unaoza. Ukiosha, unaanika. Kwa hiyo anayekwambia "shusha tena" anakurudisha mwanzo kabisa: makasia, kushusha, kuvuta, kuosha mara ya pili, kuanika upya, na usingizi ndio umekwenda. Tena anayesema ni Yesu, seremala! Simoni hafichi kwamba wamechoka usiku kucha. Kisha: "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Angalieni mstari wa 3. Yesu aliketi chomboni akafundisha. Wavu hatusomi kwamba aliushika. Waliovuta ni wavuvi, na waliowapungia mikono wenzao wa chombo cha pili ni haohao. Neno la wapi na saa ngapi lilikuwa lake. Ujuzi ulibaki kwa Simoni. Basi anayesema "namwachia Mungu" huku petroli haijanunuliwa na wavu una matundu, hajamwachia Mungu kitu. Amewaachia wenzake kazi.

Nilitaka kuishia hapo, ila mstari wa 11 unanikwamisha. Vyombo viwili vimejaa samaki karibu kuzama, nao wanaacha vyote wakamfuata Yesu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, vyombo vilikaa pwani kwa amri ya serikali. Simoni hakufungiwa ziwa. Aliacha siku ambayo mvuvi yeyote angeanza kupiga hesabu ya chombo cha tatu. Hapo kiti ni kimoja kweli, na nusu ya niliyoandika juu naifuta.

Sisemi kila mtu auze chombo. Mwenye deni la injini na vijana wanaosubiri mgao wao, akiondoka kesho akasema ameitwa, amewadhulumu. Wala kiti hakiamuliwi mara moja kikaisha. Katika Yohana 21 Petro, yaani Simoni yuleyule, anasema, "Naenda kuvua samaki." Wanakesha tena, wanakosa tena, na asubuhi wanaambiwa tena pa kutupa jarife: upande wa kuume. Wakapatikana wakubwa 153, na safari hii wavu haukupasuka. Na hao 153, kuna mvuvi aliyekaa pale ufukweni akawahesabu mmoja mmoja.