Unaomba na hujajibiwa bado? Soma hapa kwanza kabla hujaacha

Wapendwa, niseme mapema kabisa kwamba ombi langu mimi bado halijajibiwa. Namwombea kaka yangu aache pombe, ni miaka sasa, kuna vipindi anaacha mpaka tunatoa shukrani kanisani alafu anarudia tena, kwa hiyo anayeandika hapa siyo mtu aliyeshavuka, bado niko humuhumu na nyie.

Wale wanaokwambia hujibiwi kwa sababu imani yako ndogo, wasikilize kwa heshima alafu endelea na maombi yako. Soma Luka 1. Malaika anamwambia Zakaria dua yako imesikiwa, na mzee badala ya kushangilia anauliza atajuaje, mbona yeye na mkewe wameshazeeka, mpaka akawa bubu. Yaani jibu limemfuata hadi hekaluni na bado haamini, na mtoto wao Yohana akazaliwa vilevile!

Alafu kuna ule mfano wa mjane na kadhi dhalimu, Luka 18. Wengi tunausoma kama vile Mungu ndo yule kadhi, kwamba lazima umchoshe ndo akubali. Hapana jamani. Yule kadhi hamchi Mungu wala hajali watu na bado akampa mama wa watu haki yake kwa kuwa haachi kuja, sasa sembuse Mungu anayekupenda? Ukielewa hivyo hutaomba kwa kujihisi kero. Na angalia, yule mjane hatuambiwi alikuwa na hotuba ndefu, alikuwa anarudi tu na shida yake ileile. Mimi kuna siku nimechoka kurudia, nasema "Bwana, kaka yangu" basi nalala, na Warumi 8:26 inanitosha, kwamba Roho hutusaidia pale tusipojua kuomba ipasavyo. Ombi fupi la kila siku lina faida kuliko mkesha mmoja wa kelele alafu mwezi mzima kimya.

Na kulalamika ruksa. Zaburi 13 ni maombi na inaanza na "hata lini" mara nne ndani ya mistari miwili, Daudi hakuwa anaficha. Ukiwa na hasira mwambie Mungu una hasira, kwani unadhani hajui?

Yule mama Hana wa 1 Samweli 1, aliyekuwa anaomba mtoto, naye nampenda sana (kuhani Eli alimdhania kalewa kisa midomo inatikisika sauti haitoki, mnaona watumishi nao). Baada ya kuomba akaenda zake, akala, uso ukabadilika, na mimba ilikuwa bado. Kwa hiyo wakati unangoja kagua pia kinachobadilika kwako. Kwangu mimi, kumtaja kaka kila siku mbele za Mungu kumenimalizia chuki niliyokuwa nayo kwake, sa hivi akianguka ananipigia simu mwenyewe, zamani alikuwa ananikimbia. Na kuomba hakukatazi kumpeleka hospitali au kwa mshauri, tumefanya vyote na tunaendelea.

Paulo aliomba mara tatu ule mwiba wa mwilini, yaani shida iliyokuwa inamtesa, utoke (2 Wakorintho 12), akaambiwa neema yangu yakutosha. Hilo nalo ni jibu, ingawa sipendi kulifikiria sana.

Mwisho, usibebe peke yako ila pia usimwage yote kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, maana ombi la familia yako kesho linakuwa habari. Tafuta mtu mmoja. Mimi na mwenzangu tunapigiana Jumatano usiku, yeye ana la mtoto wake mimi la kaka, siku nikiwa sina nguvu anaomba yeye mimi naitikia amina tu. Kama huna mtu wa hivyo anza kumtafuta wiki hii, na muambiane kabisa mapema kwamba hayo hayatoki nje.